Paka Katika Nyumba ya Turubai

Ndugu msomaji, katika mikoa ya Shinyanga na Geita zipo nyumba ambazo hazikujengwa ili zikae. Ni zile za wachimbaji wadogo wa dhahabu: miti michache, turubai juu, magunia ubavuni na pazia mlangoni. Pakisikika kwamba dhahabu imetoka mahali pengine, nyumba hiyo hukunjwa asubuhi, ikapakiwa garini pamoja na masufuria, godoro, kuku na watoto, na jioni ikasimamishwa upya. Kwa namna hiyo familia moja yaweza kuanza mwaka Mwakitolyo, ikapitia Kahama, na kuumaliza Nyarugusu au Rwamagasa.

Katika msafara huo aghalabu yumo paka, naye ana kazi yake. Penye magunia ya mahindi na mchele hapakosi panya, na panya wa kambini hutoboa magunia na kuchafua vyombo. Wahenga walisema paka wa nyumba haingwa, yaani hafukuzwi. Lakini nyumba waliyoifikiria wao ilikuwa na kuta. Yafaa basi tujiulize: paka apendaye kuranda atakaaje salama katika nyumba ya turubai, nje yake kukiwa na mashimo, magari na sumu?

Taabu hii si yetu peke yetu. Ulaya na Marekani wako watu wanaosafiri katika magari yaliyofanywa nyumba, yenye kitanda na jiko ndani, na paka wao pamoja nao. Nao hulalamika vivyo hivyo: mlango ukifunguliwa kidogo, paka amekwisha kutoka, na hapo ni ugenini. Sababu yake ni moja kila mahali. Paka hushikamana sana na mahali. Hujua kwao kwa harufu, na harufu hiyo huiweka mwenyewe kwa kusugua mashavu yake kwenye nguzo, mlango na miguu ya watu. Akihamishwa leo na kuachwa wazi leo, hana alama hata moja ya kumrudisha. Atakimbia kwa hofu, au atajaribu kurudi alikotoka.

Kwa hiyo kazi huanza kabla ya safari. Paka asitiwe katika gunia lililofungwa mdomo, kwani joto la garini laweza kumwua. Tafuta tenga la kuku lenye kifuniko cha kufunga kwa kamba, utandike ndani yake kanga kuukuu uliyokwisha kuivaa, bila kuifua. Harufu yako itamtuliza. Siku tatu au nne kabla ya kuondoka, liache tenga wazi ndani ya nyumba apate kulizoea. Asubuhi ya safari usimshibishe, asije akatapika njiani. Mpe maji, na tenga likae kivulini, mbali na mizigo mizito.

Mkifika, paka awe wa mwisho kufunguliwa. Simamisheni nyumba kwanza, mfukie pindo la turubai kwa udongo na mawe pande zote, ndipo afunguliwe ndani. Kwa majuma mawili hadi matatu asitoke nje. Mchana, watu wanapoingia na kutoka, akae katika tundu la miti na wavu lenye nafasi ya kusimama, kujinyoosha na kujificha. Usiku, mlango ukishafungwa, azunguke ndani awinde panya wake. Chakula apewe wakati mmoja kila siku, magharibi, kwa mlio ule ule wa kugonga bakuli. Akiisha kuuzoea mlio huo, hata siku atakapoanza kutoka, giza halitamkuta mbali. Akiwa dume, mwombe daktari wa mifugo amhasi, kwa kuwa dume asiyehasiwa hufuata majike mbali sana na kurudi na majeraha.

Choo chake ni beseni la mchanga. Hapa, ndugu msomaji, nakuomba uwe mwangalifu kupita kiasi. Mchanga huo usichotwe mwaloni, mahali paoshewapo dhahabu, wala kwenye lundo la marudio, yaani mchanga uliokwisha kuoshwa. Wachimbaji wadogo wengi hunasa dhahabu kwa zebaki, na sehemu ya zebaki hiyo hubaki mchangani. Marudio mengine huoshwa tena kwa sayanidi, sumu iuayo kwa kiasi kidogo mno. Paka akikanyaga matope hayo hujilamba miguu, maana ndiyo namna yake ya kuoga. Kisha huingia ndani akalala godoro moja na mtoto anayetambaa, ambaye naye kila akishikacho hukipeleka kinywani.

Yaliyotokea Japani yatupasa kuyakumbuka. Katika mji wa Minamata, miaka ya 1950, wavuvi waliona paka wao wakiyumba na kuzunguka kama wachezao ngoma, wengine wakatumbukia baharini. Mwaka 1956 watoto nao wakafikishwa hospitali, hawawezi kutembea wala kusema sawasawa. Kiwanda cha kemikali kilikuwa kikimwaga baharini maji yenye zebaki, nayo ikaingia katika samaki walioliwa na paka na watu. Mwaka 1959 Dakta Hajime Hosokawa, wa hospitali ya kiwanda hicho hicho, alimlisha paka maji taka yale, na paka akaugua vile vile. Matokeo hayo hayakutangazwa, na maji yakaendelea kumwagwa hadi mwaka 1968. Mkataba wa kimataifa juu ya zebaki uliopitishwa mwaka 2013 umepewa jina la mji huo, na Tanzania nayo imeuridhia.

Zebaki ya mwaloni haikuanza kuwa ya aina ile ya Minamata, lakini ikifika mitoni na mabwawani, vijidudu huigeuza ikawa ya aina hiyo. Tena ina hatari nyingine iliyo karibu zaidi. Ili dhahabu ipatikane, zebaki huchomwa ikatoka mvuke usioonekana. Mvuke huo huingia mapafuni, na ndani ya kibanda hugandia kuta, godoro na nguo. Kwa hiyo zebaki isichomwe kamwe ndani ya nyumba, wala isikaangwe katika chombo cha jikoni. Ichomwe mbali na makazi, katika chombo kilichofungwa kinachonasa mvuke, na mama mjamzito na watoto wasikaribie.

Yako mengine machache ya kukumbuka. Paka achanjwe kichaa cha mbwa akiwa na umri wa miezi mitatu, kisha chanjo irudiwe kama daktari wa mifugo atakavyoelekeza. Akimng'ata mtu, jeraha lioshwe kwa sabuni na maji yatiririkayo kwa dakika 15, na mtu huyo aende kituo cha afya siku hiyo hiyo, kwa kuwa ugonjwa huo ukishaonyesha dalili hauponi. Usimpake paka dawa ya kuogeshea ng'ombe ili kuua viroboto, wala usimpe panado akiugua. Vyote viwili vyaweza kumwua. Usitege panya kwa sumu mahali paka anapowinda. Mama mjamzito asisafishe beseni la mchanga. Kazi hiyo aifanye mwingine wa nyumbani. Na ukimwona paka akiyumba, akitoka udenda au akitetemeka, usimshike kwa mikono mitupu. Wafungie watoto mbali naye, umwite daktari wa mifugo.

Jioni ya leo, kabla hujafunga mlango, kizunguke kibanda chako. Tazama pindo la turubai lililoinuka, shimo la duara lililoachwa bila uzio wa miiba, dimbwi lililo karibu na mwalo, na kichupa cha zebaki kilichosahauliwa chini ya kitanda. Utakuwa umemtafutia paka njia asitoke, lakini mtoto wako ajifunzaye kutembea hupita njia hizo hizo. Ziba moja leo, na nyingine kesho.