Bawa Halikuundwa Kutundikwa

Wapo wasemao kwamba glaida za zamani za mafunzo ya jeshi zimekwisha kazi, na kwamba heshima yake ni kutundikwa darini katika jumba la makumbusho. Nimekaa Uingereza miaka mingi, na Jumamosi nyingi nimeshika ncha ya bawa la glaida ya mbao ikingoja kuvutwa na winchi. Hoja yao naikataa.

Chukua Slingsby Sedbergh, iliyoundwa Kirkbymoorside, Yorkshire. Ni ndege isiyo na injini, ya mbao na kitambaa, na mabawa yake yana mita 16 na nusu toka ncha hadi ncha. Mwalimu na mwanafunzi huketi bega kwa bega, upepo ukiwapiga usoni. Yeye na nduguye Cadet TX.3 waliwafunza vijana wa Air Training Corps, chama kilichoanzishwa 1941, mpaka miaka ya 1980 walipoondolewa na kuuzwa, zikaja glaida za nyuzi za kioo.

Mbao zitunzwazo hukaa. Ujuzi ndio ufao. Gundi ikiingiwa na unyevu hulegea ndani, huku nje rangi ingali yang'aa. Glaida iliyotundikwa, nani atafungua bawa lake atazame? Iendayo hewani lazima ikaguliwe, kwa kuwa roho ya mtu imo ndani. Hapo ndipo kijana hujifunza kuchonga plaiwudi mshazari, kuiunga, na kunusa ubao uliooza kabla jicho halijauona.

Wengine husema, hivi ni vyombo vya vita, vya nini kuvienzi? Swali hilo ni la haki, na nalijibu kwa SG 38 ya Ujerumani. Mkataba wa Versailles wa 1919 uliinyima nchi ile jeshi la anga, basi vijana wakafunzwa kwa glaida. SG 38 haikuwa hata na kibanda cha rubani. Kijana aliketi peke yake juu ya kiti kitupu, akarushwa kwa kamba ya mpira kutoka mlimani. Wengi waliojifunza hivyo waliishia vitani. Mtu akiiona ikiruka, ataelewa jinsi furaha ya mtoto ilivyotumiwa. Anayeirusha bila kuisimulia habari hiyo anakosea sawa na anayeificha ghalani.

Simtetei mzembe. Glaida iliyobaki peke yake ya aina yake, na ikae chini. Yenye kiungo cha shaka, isiguse winchi hata mwenyewe akilia. Lakini zilizo nyingi na nzima ziruke, na kila klabu imweke fundi kijana kando ya fundi mzee mwaka huu huu. Mzee akishazikwa, jumba la makumbusho halitatufundisha kuunga bawa.