Taa ya Thieta na Usingizi wa Chumbani

Wapendwa, mwezi huu nawageukia nyie mliopendana na watu wa thieta. Kama mwenzako anafanya upasuaji Kilosa au Mikumi, maisha hayo unayajua. Barabara kuu ya Dar es Salaam kwenda Zambia inakatiza Hifadhi ya Mikumi, ajali haichagui saa, na mama mwenye uchungu naye hasubiri kukuche. Simu ikilia saa nane usiku, upande wake wa kitanda unapoa.

Gumzo la siku hizi ni mwanga wa bluu. Taa nyingi za LED za chumba cha upasuaji zina bluu nyingi kuliko zile za zamani za halojeni, na ni kali kweli: kiwango cha kimataifa kinaruhusu hadi luksi 160,000 pale kwenye kidonda, wakati mezani ofisini luksi 500 zinatosha. Najua wapo wanaowaza kumnunulia mpenzi miwani ya njano. Zawadi nzuri, lakini asiingie nayo thieta! Lenzi ya njano inabadilisha rangi, na daktari lazima aone damu ilivyo, na midomo inayogeuka bluu kwa kukosa hewa.

Macho yake yanalindwa na mambo madogo tu. Asiitazame taa moja kwa moja, aipunguze hadi pale inapotosha kazi, na mashuka yawe kijani au bluu, maana meupe yanarudisha mwanga usoni. Ujanja huo wa kijani aliuanzisha Dk. Harry Sherman wa San Francisco mwaka 1914, LED haijazaliwa!

Kwa maoni yangu, hasara ya haraka iko kwenye usingizi. Mwanga huo usiku unaudanganya ubongo kuwa ni mchana, na melatonini, homoni ya usingizi, inashuka. Mwenzako anarudi alfajiri macho makavu, haongei, unadhani amekuchoka. Hajakuchoka, jamani. Ubongo wake bado uko mchana.

Basi usimpokee kwa taa nyeupe ya sebuleni na maswali ya ada ya watoto. Washa taa hafifu ya manjano, mwekee maji ya kuoga, simu ikae mbali, na funga pazia zito kabla jua halijachomoza. Ya ada mtaongea jioni.

Na wewe daktari, ukitoka zamu Mikumi usipande pikipiki kwenda Kilosa huku unasinzia. Kuna mtu anakusubiri ufike mzima.