Kinamasi Kikubwa Hulishwa na Chemchemi Ndogo

Mwaka 2000 Taifa letu lilitoa ahadi mbele ya ulimwengu. Ardhi oevu ya Malagarasi-Muyovozi, yenye hekta milioni 3.25, iliandikishwa kuwa ya kwanza ya Tanzania chini ya Mkataba wa Ramsar, na humo wamo korongo nyangumi na nzohe. Ahadi hiyo ilikuwa njema. Lakini kinamasi hakijilishi chenyewe.

Sehemu ya maji yake huanzia nyanda za juu za Kasulu na Kibondo. Huko chemchemi hutoka chini ya miteremko ya miombo, zikalowesha vibonde vyembamba vyenye mafunjo, vyura na ndege, kisha zikaungana kuwa vijito. Vibonde hivyo ni vidogo mno kupewa jina katika ramani, kwa hiyo havina msemaji. Kiangazi kikifika, mkulima hulima maharage humo, mfugaji hunywesha ng'ombe humo, na akina mama huteka maji humo humo.

Wapo wanaowatupia lawama yote wakimbizi waliopokewa mkoani tangu miaka ya 1990. Ni kweli kwamba kambi kubwa kama Nyarugusu zinahitaji kuni na maji mengi. Lakini mkimbizi si yeye anayegawa ardhi ya kijiji wala kuidhinisha shamba bondeni. Wenye mamlaka hayo ni sisi.

Liko pia suala la misonobari. Mti huu hukua upesi na mbao zake zina soko, hatuupingi. Tunapinga kuupanda juu ya jicho la maji. Uchunguzi wa miaka mingi huko Afrika Kusini ulithibitisha kwamba vijito hupungua maji pale misonobari inapochukua nafasi ya uoto wa asili, na sheria ya maji ya nchi hiyo ya mwaka 1998 ikautaja upandaji miti ya biashara kuwa shughuli ipunguzayo maji ya mito. Si kila mti ni mlinzi wa maji.

Ndugu zetu wa visiwani wataelewa. Sultani Barghash, aliyetawala Zanzibar kuanzia 1870 hadi 1888, aliuletea mji maji kwa mfereji kutoka chemchemi za upande wa Bububu. Mji mzima ulitegemea chemchemi.

Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka kingo za mito na maziwa. Mita hizo hazijipimi zenyewe. Kila halmashauri ya kijiji haina budi kuorodhesha chemchemi zake, kuweka alama, na kupeleka sheria ndogo mbele ya mkutano mkuu wa kijiji. Maofisa wa misitu na wahesabu chemchemi kabla ya kuhesabu miche.

Hata hivyo, mkulima anayeondolewa bondeni aonyeshwe kwanza mahali pengine pa kulima. Kumwondoa kwa amri tupu ni dhuluma, naye atarudi usiku na jembe lake. Akishirikishwa, atakuwa mlinzi wa kwanza wa maji hayo, kwa maana ndiye wa kwanza kuyanywa.