Asha au Aisha? Shauri la Jina la Mtoto



Mwenzetu mmoja, karani wa masjala, amejaliwa kupata binti. Twampongeza yeye na mkewe, na twamwombea mtoto umri mrefu. Walakini furaha ile haikukaa sana illa iliingiwa na mabishano. Baba ataka mtoto aitwe Asha, jina la mama yake mzazi aliyekwisha fariki. Mama ataka aitwe Aisha, kwa kuwa, asema, ndilo jina kamili, na Asha ni Aisha iliyovunjika. Siku ya saba, ambayo ni siku ya akika, ikafika. Mbuzi akachinjwa, watu wakala, na kila upande ukarudi kwao ukimwita mtoto kwa jina lake. Wazee wakasema, "Majina hayo ni yale yale, mwagombea nini?" Ndipo mwenzetu alipotujia kutaka shauri. Na kwa kuwa jambo hili huzipata nyumba nyingi, na sisi makarani ndio tuyaandikao majina ya watu kila siku, twaona yafaa kulijibu hapa mbele ya wote.

Kwanza na tuseme kwamba wazee wamesema nusu ya kweli. Asili ya majina haya ni moja. Yametoka katika Kiarabu, na maana yake ni mwanamke aliye hai, mwenye kuishi. Mzizi huo huo ndio uliotupatia maneno yetu ya kila siku, kuishi na maisha. Sifa ya jina hili ilienea kwa ajili ya Bibi Aisha binti Abubakar, mke wa Mtume Muhammad, na tangu hapo limepewa watoto wa kike katika nchi nyingi zisizohesabika. Basi mtu amwitaye bintiye Asha na mtu amwitaye Aisha wote wawili wamemwombea mtoto jambo moja, nalo ni uhai.

Lakini nusu ya pili wazee hawakuisema. Ijapokuwa asili ni moja, leo majina haya ni mawili. Katika kalamu yapishana kwa herufi moja tu. Katika kinywa yapishana zaidi. Kiswahili hutia mkazo katika silabi ya pili kutoka mwisho. Kwa hiyo Asha ina silabi mbili, na sauti huangukia mwanzoni. Aisha ina silabi tatu, na sauti huangukia katikati. Mwite mwanamke aliyezoea Asha kwa jina la Aisha, naye atadhani waita mwingine. Tena ziko nyumba zenye watoto wawili, mmoja Asha na mmoja Aisha, wala hapana hata mmoja aitikaye jina la mwenziwe.

Sasa tuje kwa neno la mama, kwamba Asha ni jina lililovunjika. Kwa heshima zote hatukubaliani naye. Kila lugha ipokeapo jina la kigeni hulivika nguo zake. Sisi twasema Zainabu, Rajabu, Mariamu na Fatuma, tumeongeza irabu mahali ambapo Waarabu hawana au tumeibadili irabu yao, wala hapana asemaye kwamba Fatuma ni kosa. Jina moja la kale Waingereza wameliita John, Wafaransa Jean, Wajerumani Johannes, na sisi Yohana. Hatujasikia Mfaransa akilaumiwa kwa kulivunja. Tena hata yeye asemaye Aisha katika mitaa yetu hajalisema kama Waarabu, kwa maana herufi ya kwanza kwao ni ain, itokayo kooni, na Kiswahili hakina sauti hiyo. Basi kama kuvunja ni kosa, wote tumevunja. Sisi twasema si kuvunja, ni kulifanya jina kuwa letu.

Na jina la Asha limekwenda mbali likiwa hivyo hivyo lilivyo. Bibi Asha-Rose Migiro alikuwa Waziri wa Mambo ya Nje wa Tanzania tangu 2006, na tangu 2007 hata 2012 alikuwa Naibu Katibu Mkuu wa Umoja wa Mataifa. Hapana aliyemwambia aongeze herufi ndipo jina litimie. Na jirani zetu wenye asili ya Kihindi wanalo jina Asha pia, lililotoka katika lugha yao wenyewe, na maana yake kwao ni tumaini. Jina lenye kusikika vema katika nyumba nyingi hivi si jina la kuonewa haya.

Hata hapa mtu aweza kusema, "Yote hayo ni maneno ya barazani. Herufi moja yadhuru nini?" Sisi makarani twajua idhuruvyo. Tulimfahamu mama mmoja, mtumishi mwenzetu, aliyefanya kazi miaka thelathini bila doa. Katika cheti chake cha shule aliandikwa Asha. Siku aliyoandikishwa kazini, karani aliyempokea aliliona jina lile, akadhani ni kosa la mwalimu, akaongeza herufi moja kwa nia njema kabisa. Tangu siku ile mama yule akawa Aisha katika faili, katika barua za kupandishwa cheo, na katika daftari la mshahara. Alicheka tu, akasema hapana neno. Alipostaafu akaambiwa kwamba Asha aliyesoma na Aisha aliyefanya kazi hawajulikani kuwa ni mtu mmoja. Alitakiwa kuleta kiapo, na mashahidi waliomjua tangu utoto. Wazazi walikuwa wamekwisha kufa, na mwalimu vile vile. Alihangaika miezi minane, akikopa nauli ya kwenda na kurudi, hata akapatikana mwanamke mmoja aliyeketi naye dawati moja. Hatuitaji afisi ile, wala haina haja, kwa sababu karani aliyeongeza herufi alikuwa mmoja wetu, na kosa lile angeweza kulitenda ye yote kati yetu aaminiye kwamba Asha ni Aisha iliyovunjika.

Kwa hiyo twatoa shauri letu kwa mambo matatu.

La kwanza, jina liwe moja. Wako wanaosuluhisha ugomvi kwa kusema, "Nyumbani aitwe Asha, katika karatasi aandikwe Aisha." Twawasihi wasifanye hivyo. Jina la nyumbani lililo mbali na jina la karatasi halidhuru kitu. Mtoto akiitwa Chiku nyumbani na Asha shuleni, hapana karani atakayedhani Chiku ni kosa la kuandika Asha. Lakini majina mawili yaliyo karibu ni mtego. Mmoja atalisahihisha lisilo na kosa, na mwingine atamfanya mtu mmoja kuwa watu wawili.

La pili, jina liandikwe mapema. Tanzania yatakiwa mtoto aandikishwe ndani ya siku 90 tangu kuzaliwa. Mwenzetu asingoje ugomvi uishe wenyewe. Akisha pata cheti, akisome herufi kwa herufi kabla hajatoka mlangoni, kwa maana karatasi ya kwanza ndiyo mama wa karatasi zote: ya shule, ya mtihani, ya kitambulisho cha taifa, na ya kiinua mgongo. Usipoziba ufa utajenga ukuta.

La tatu latuhusu sisi wenyewe. Tahajia ya maneno ya Kiswahili ilipata Kamati ya kuisimamia tangu 1930, lakini jina la mtu ni mali ya mwenyewe. Karani hana amri ya kulisahihisha. Akionyeshwa Asha aandike Asha, akionyeshwa Aisha aandike Aisha, na akiwa na shaka amwulize mwenye jina aliye mbele yake. Kuuliza hakuchukui hata dakika moja. Mama yule alipoteza miezi minane.

Na katika kuchagua, sisi twamwelekea baba. Si kwa sababu yeye ni baba, bali kwa sababu jina alilolitaja lilikuwa na mwenyewe. Bibi wa mtoto huyu aliitwa Asha, aliitika Asha, na akazikwa kwa jina la Asha. Mjukuu akiitwa Aisha, atakuwa na jina zuri, lakini halitakuwa la bibi yake. Hata hivyo mama ndiye aliyebeba mimba na kuona uchungu, wala haifai ashindwe kwa sauti kubwa za ndugu wa mume. Mwenzetu aketi naye peke yao, amweleze haya kwa upole, na akikubali, basi yeye mama ndiye ashike kalamu siku ya kuandikisha. Na kama akisikia yote haya akapenda Aisha bado, na iwe Aisha, na baba alikubali kwa moyo mweupe. Mtoto ataishi vema kwa jina lo lote kati ya hayo mawili. Asiloweza kuishi nalo vema ni yote mawili.

Hayo ndiyo tuonayo. Mwanachama mwenye maoni mengine na ayalete, nasi tutayachapa.