Kuna Mgeni Juu ya Mwembe

Wiki hii acheni kijiwe kidogo, rudini uani kwenu mkatazame juu.

Wewe wa Bunda, ukiona kindege cha kijani, uso rangi ya chungwa, mdomo mwekundu, macho yamezungukwa na duara jeupe kama kavaa miwani, usikimbilie kusema kasuku wa jirani katoroka. Huyo mwenyeji! Kwao ni huku huku, kusini na kusini-mashariki mwa Ziwa Victoria mpaka Serengeti. Tangu 1887 wazungu wanamwita kwa jina la Mjerumani, Fischer, utadhani Wasukuma na Waikizu hawakuwa na macho. Miaka ya 1980 wakanaswa kwa maelfu, wakauzwa nje kukaa kwenye vitundu.

Wanakuja kwa kundi, kelele tupu, na mtama wanaupenda. Mwenye shamba akiwafukuza simlaumu. Ila dogo mwenye manati anayewalenga kwa kujifurahisha tu, hapana, mshikaji.

Wageni hasa ni mbayuwayu wa Ulaya. Kuanzia Septemba hao wanaikimbia baridi, wanajipanga kwenye nyaya za umeme. Ikifika Aprili wanarudi zao. Viza hawaijui.

Basi amka saa kumi na mbili asubuhi, kaa kimya karibu na bomba linalovuja. Umeona usiyemjua? Andika rangi, mdomo, mkia, mlio. Kisha kawaulize wazee. Babu wa Musoma akikupa jina la Kijita, au wa Butiama la Kizanaki, liandike vilevile alivyolitamka.