Tunapima Mizigo, Moshi Je?

Kila mwaka ninapowapokea wanafunzi wapya wa isimu, huanza kwa kuwaonyesha tofauti iliyopo baina ya neno na dalili. Neno ni mapatano ya watu. Hakuna chochote katika mwili wa mbuzi kinachomlazimu kuitwa mbuzi. Dalili haingoji mapatano. Moshi ukizuka nyuma ya kilima, pana kitu kinachoungua, apende asipende anayeutazama. Mfano huu wa moshi ni mkongwe, na wataalamu wameutumia kwa karne nyingi. Nami nimekuwa nikiutumia pasi na kuufikiria sana, hadi likizo ya Agosti iliyopita nilipolala Malaba kwa mwanafunzi wangu wa zamani, ambaye sasa ni mwalimu wa shule ya msingi iliyo kando ya barabara kuu.

Aliyewahi kupita Malaba hahitaji kuelezwa. Barabara itokayo Mombasa kupitia Nairobi na Webuye hufikia hapo kikomo chake cha Kenya, na kila kinachokwenda Kampala, Kigali, Juba au mashariki ya Kongo hupita hapo, au Busia iliyo kusini yake. Ni kweli kwamba vituo vya pamoja vya mpakani vimepunguza adha. Kile cha Busia kilizinduliwa Februari 2018 na Marais Uhuru Kenyatta na Yoweri Museveni. Hata hivyo, foleni haijafa. Januari 2022 madereva walipogoma kwa sababu ya ada ya dola 30 waliyotozwa upande wa Uganda kupimwa korona, malori yalijipanga kwa makumi ya kilomita. Siku za kawaida foleni ni fupi kuliko hiyo, lakini ipo, na injini zake zinanguruma.

Jioni hiyo mwenyeji wangu alifunga madirisha kabla ya kuniandalia chai. Aliniambia kuwa darasani pia hufanya hivyo, joto liwe liwalo, kwani watoto wa dawati la karibu na barabara hukohoa mpaka somo linakatika. Kesho yake alinipeleka kwa fundi mmoja wa jua kali, na huyo ndiye aliyenifundisha upya somo langu mwenyewe.

"Mwalimu," aliniambia, "moshi una rangi, na kila rangi ina kesi yake." Moshi mweusi maana yake dizeli imezidi hewa: kichujio cha hewa kimezibwa na vumbi, au nozeli zinadondosha dizeli badala ya kuinyunyiza kama ukungu, au mtu amefungua pampu makusudi ili lori lipate nguvu za kupandia mlima na mzigo uliopita kiasi. Moshi wa samawati ni oili inayopenya na kuungua ndani ya silinda kwa sababu ringi zimelika. Moshi mweupe usiokoma hata baada ya injini kupata moto ni dizeli isiyoungua, au maji yanayovuja kupitia gasketi iliyokufa. Akanionyesha kichujio alichokitoa asubuhi hiyo. Kilikuwa kizito kama tofali.

Nilimuuliza juu ya vile vichupa vinavyouzwa barabarani vikiitwa dawa ya kusafisha injini. Alicheka. Dawa iliyo njema, alisema, yaweza kuondoa masizi kidogo kwenye nozeli, lakini hakuna dawa inayorudisha chuma kilicholika. Kazi yenyewe ni ile ile ya siku zote: nozeli zifunguliwe, zisafishwe na kupimwa kwenye mashine, kichujio kibadilishwe, oili imwagwe kwa wakati wake, pampu irudishwe katika kipimo cha kiwandani.

Hapa sina budi kuweka mpaka, maana waandishi wa mambo ya mazingira aghalabu huchanganya moshi wa aina mbili. Lita moja ya dizeli ikiungua hutoa takriban kilo 2.7 za kaboni dioksidi, injini iwe safi au chafu. Usafi wa injini hauiondoi hewa hiyo. Huipunguza tu pale injini inapotumia lita chache zaidi kwa safari ile ile. Kinachopungua hasa ni masizi, yaani ule weusi unaoingia pafuni. Nao si weusi wa kuchezewa. Mwezi Juni 2012 shirika la utafiti wa saratani lililo chini ya Shirika la Afya Duniani liliutia moshi wa dizeli katika kundi la vitu vilivyothibitishwa kusababisha saratani kwa binadamu, kundi lile lile lenye moshi wa sigara.

Je, kwa nini basi injini hazizimwi foleni isiposonga? Hili ndilo lililonikera zaidi, nami nilidhani jibu ni uzembe wa madereva. La hasha. Dereva mmoja wa Mombasa, mtu mzima aliyeniamkia kwa adabu zote za pwani, alinieleza kuwa betri yake imechoka na stata inakwama. Akizima, huenda lisiwake, na foleni ikijongea wenzake watampita huku wakimtukana. Basi huliacha liungurume usiku kucha, likila lita mbili au tatu kila saa. Na injini inayonguruma bila kazi haipati moto wa kutosha, dizeli haiungui sawasawa, na masizi hujirundika kwenye nozeli na vali. Kwa hiyo gari lisilotunzwa halizimwi, na kwa kuwa halizimwi linazidi kuchafuka. Nilipomuuliza kwa nini halitengenezwi, alinijibu kwa maneno ambayo sijayasahau: "Gari si langu, mwalimu. Mapafu ndiyo yangu."

Mwenye lori yuko mjini, mbali na moshi wake. Gharama ya nozeli ni yake, ilhali gharama ya kikohozi ni ya dereva, ya mama auzaye ndizi kando ya lami, na ya mtoto wa darasa la tatu. Maadamu hesabu imepangwa hivyo, hakuna mahubiri yatakayoisafisha injini hata moja.

Wala tusiseme kuwa sheria haipo. Kanuni za trafiki za Kenya zimekataza kwa miaka mingi gari linalotoa moshi wa kuonekana. Katiba ya 2010, kifungu cha 42, inampa kila mtu haki ya mazingira safi. Kanuni za ubora wa hewa zilitolewa mwaka 2014. Hata kisingizio cha mafuta mabaya kimepungua nguvu, kwani tangu Januari 2015 nchi za Afrika Mashariki zilikubali dizeli isiyozidi sehemu 50 za salfa katika kila milioni. Uchanganyaji wa mafuta ya taa ulipokithiri, Kenya iliyatoza mafuta ya taa shilingi 18 kwa kila lita mwaka 2018 ili kuwavunja moyo walanguzi, ingawa maskini mwenye kibatari ndiye aliyeumia kwanza.

Kinachokosekana ni kipimo. Lori litokalo Mombasa hupandishwa kwenye mizani mara kadhaa kabla ya kuuona mpaka. Webuye peke yake inatosha kumchelewesha dereva chakula cha mchana. Tunafanya hivyo kwa ajili ya lami, nayo Jumuiya ya Afrika Mashariki imeitungia mizani sheria ya pamoja, kwa hiyo nambari za Uganda au Rwanda si hoja. Kifaa cha kupimia moshi hupitisha mwanga ndani ya moshi na kusoma ni kiasi gani umezibwa, na kazi hiyo ni ya dakika chache. Kwa nini kisiwekwe pale pale penye mizani? Lami tumeipa mlinzi, pafu la mtoto wa Malaba halina.

Najua atakayesema kuwa kipimo kingine ni mlango mwingine wa hongo. Hofu hiyo ni ya haki. Wala ujanja si wetu peke yetu: mwaka 2015 kampuni ya Volkswagen ya Ujerumani ilipatikana imetia programu ya kuhadaa vipimo katika magari yapatayo milioni 11. Lakini wenzetu hawakuvitupa vipimo kwa sababu hiyo, walivikaza. Nasi twaweza kutaka matokeo yachapishwe kwenye karatasi, yatambuliwe pande zote mbili za mpaka, na faini imfuate mwenye gari, si dereva.

Niliondoka kupitia Busia, mji ambao wengi huutaja kuwa asili ya neno bodaboda, enzi za baiskeli zilizovusha watu na mizigo kutoka mpaka mmoja hadi wa pili. Neno limebaki vile vile, ila kitu chenyewe kimebadilika. Baiskeli ile haikuwa na bomba la moshi. Pikipiki iliyonipeleka stendi ilikuwa ikiacha nyuma yake utepe wa samawati, nami, kwa elimu yangu mpya, nikamwambia kijana kuwa ringi zake zimelika. Alishangaa mtu wa tai kujua hayo.

Ila nilisahau kusimulia mwisho wa yule dereva wa Mombasa. Kabla hatujaagana nilimsihi azime walau kwa nusu saa, akanitii kwa heshima ya mgeni. Kimya kilichotokea kilitufanya tusikie vyura wa mtoni. Foleni ilipojongea, alizungusha ufunguo mara tatu bila jibu, akashuka, akachukua nyaya chini ya kiti na kwenda kuomba moto wa betri ya lori lililokuwa nyuma yake, ambalo mwenyewe hakuwa amelizima.