Pedali ya gitaa: mambo mama ajue mbele ya kutoa franga



Juma hili tunaongea juu ya kitu ambacho hatukuwaza kwamba kitafika siku moja katika kikao chetu: pedali ya gitaa la umeme. Tunakiongelea kwa sababu kilitushinda, na kosa lilikuwa letu.

Mama mmoja wa kikundi chetu alipata zamu yake ya likelemba. Binti yake ana miaka 16, anapiga gitaa katika korali ya vijana. Aliomba mama yake amnunulie pedali. Mama akatuuliza: «Wamama, hiki kitu ni cha lazima ao ni cha kujionyesha tu?» Hakuna kati yetu aliyejua. Tukamwambia: mtoto anajituma, mnunulie. Akatoa dola 40, akanunua ile ambayo muuzaji alimwonyesha. Chaja haikuwemo. Nyumbani wakatafuta chaja yoyote yenye mdomo unaoingia, wakapata ile ya kisanduku cha intaneti. Iliingia vizuri kabisa. Kiisha wakasikia harufu ya kuungua, na pedali ikanyamaza.

Mama yule alilia. Franga ile ingeweza kulipa masomo ya mdogo wa binti. Alisema: «Mambo ya gitaa yamekwisha katika nyumba yangu.» Hapo tukaona kwamba tulitoa shauri bila kujua, basi tukaenda kuuliza wapigaji na mafundi. Haya ndiyo tuliyojifunza.

Pedali ni kisanduku kidogo, mara nyingi cha chuma, kinachowekwa chini mbele ya mpigaji. Waya wa gitaa unaingia ndani yake, waya mwingine unatoka kwenda kwenye ampli. Mpigaji anaikanyaga kwa mguu, kwa sababu mikono yake ina kazi. Kazi ya pedali ni kubadilisha sauti njiani, mbele haijafika kwenye ampli. Haimfundishi mtoto kupiga. Jean-Bosco Mwenda wa Katanga, aliyeimba kwa Kiswahili na ambaye nyimbo zake zilirekodiwa mwaka 1952, alijulikana mbali kwa gitaa la mbao na vidole vyake, bila pedali yoyote.

Aina ni nyingi, lakini mama akijua hizi chache atamwelewa muuzaji:

Ya kupatanisha nyuzi: inaonyesha kwa taa kama uzi umelegea ao umekazwa kupita kiasi. Haibadilishi sauti.

Distorsion: inafanya sauti ikwaruze na kunguruma, kama katika muziki wa rock.

Eko: inarudilia sauti mara moja ao zaidi, kama mtu anayeita kwenye bonde.

Reverb: inafanya gitaa lisikike kana kwamba linapigwa ndani ya kanisa kubwa lenye kuta za mawe.

Chorus: inafanya gitaa moja lisikike kama mawili yanayopiga pamoja.

Kompresa: inasogeza sauti ndogo na sauti kubwa karibu, zisipishane sana.

Sasa, mtoto wetu anahitaji ipi? Inategemea muziki anaopiga. Katika rumba yetu, ambayo UNESCO iliiandika katika urithi wa utamaduni usioshikika wa binadamu mwaka 2021, gitaa linaongea wazi. Sebene ikiingia, solo, mi-solo na akompanyema wanapishana haraka, na kila uzi unapaswa kusikika. Wazee wetu waliompenda Franco wa OK Jazz ao Docteur Nico walipenda ule usafi wa sauti. Nyimbo nyingi za korali zinafuata njia hiyo hiyo. Distorsion nyingi inafunika hayo yote, kama pilipili inavyofunika ladha ya samaki. Si mbaya, lakini ina mahali pake.

Na pedali iliyonunuliwa ilikuwa nini? Ilikuwa distorsion.

Tulipomwita binti na kumuuliza: «Wewe mwenyewe unasikia nini kinakosekana?» alijibu bila kusita: «Sauti yangu ni kavu. Waimbaji wakinyamaza, gitaa linakatika kama kijiti. Nilitaka eko.» Tuliangaliana. Tulikuwa tumeuliza bei, tumeuliza muuzaji, tumeulizana sisi kwa sisi, lakini hatukumuuliza mtoto.

Kwa hiyo, wamama, mbele ya kutoa franga tufuate hatua hizi:

1. Tumuulize mtoto ni shida gani anayoisikia. Akisema «wenzangu wote wanayo», tungoje kwanza. Akieleza sauti inayokosekana, tumsikilize.

2. Tuangalie kama dawa iko tayari nyumbani. Ampli nyingi zina kifungo cha reverb ao cha distorsion. Na kama shida ni nyuzi kutopatana, kuna programu za bure kwenye simu, ao kile kibanio kidogo kinachofungwa kwenye kichwa cha gitaa. Kibanio kinasikia mtikisiko wa mbao, kwa hiyo kinafanya kazi hata katikati ya kelele.

3. Mtoto aende pamoja nasi, na gitaa lake. Apige bila pedali, kiisha na pedali, katika ampli inayofanana na ile ya kanisani. Azungushe kila kifungo. Kikitoa kelele ya kukwaruza wakati kinazungushwa, kina vumbi ao kimechoka.

4. Tusome maandishi ya umeme. Pedali nyingi zinatumia volti 9, na alama ya kutoa (−) iko katikati ya mdomo wa chaja. Chaja nyingi za kisanduku cha intaneti ni za volti 12, na alama ya kujumlisha (+) ndiyo iko katikati. Mdomo kuingia si ruhusa. Tuangalie pia herufi mA: namba ya chaja iwe sawa na ile pedali inayoomba, ao iizidi.

5. Tuulize kama inakubali betri, kwa sababu ya kukatika kwa umeme. Lakini mtoto akimaliza kupiga, achomoe waya wa gitaa. Ukibaki ndani, betri inaendelea kuliwa usiku kucha hata kama hakuna anayepiga.

6. Tuanze na moja. Akiisha kuizoea, yeye mwenyewe atajua ya pili. Akiwa na distorsion na eko, kwa kawaida distorsion inatangulia karibu na gitaa, eko inafuata.

Pedali ile ilifika wapi? Fundi wa radio aliifungua, akakuta kipande kidogo kinacholinda umeme usiingie kinyume kimeungua. Alikibadilisha kwa bei ndogo, na sauti ikarudi. Binti hakuitaka tena. Alimpata kijana anayependa rock, aliyekuwa na eko ya zamani. Wakajaribu zote mbili, wakabadilishana. Mama aliongeza dola 10, safari hii binti akiwa pembeni yake na chaja ikiwa imesomwa na watu watatu.

Siku ya Mungu iliyopita tulikuwa kanisani. Waimbaji waliponyamaza, gitaa halikukatika. Lilibaki kidogo hewani, kiisha likashuka polepole. Mama yake aliketi nasi kwenye benchi. Hakusema kitu, lakini tulimwona anasikiliza.

Wamama, mtoto akituomba kitu tusichokijua, tusikimbilie ndiyo wala hapana. Tuanze kwa kumuuliza. Tubaki na amani, hadi juma lijalo.